Kunuka, kunukia, kunusa: majibu kwa wasomaji juu ya maneno ya harufu

Safari iliyopita nilijibu swali moja juu ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu vinavyopelekwa kiwandani Wawi kutolewa mafuta, na mwishoni nikaligusa kidogo neno lenyewe "harufu". Maswali yaliyofuata kutoka Unguja na Pemba karibu yote yalikuwa ya pua. Basi leo tubaki hapo hapo. Yale yaliyouliza jambo moja nimeyaunganisha.

Assalaam alaykum maalim. "Harufu" ni neno letu au la Waarabu? Na lina udugu na "herufi"? (Msomaji wa Wete)

Waalaykumu salaam. Limetoka kwa Waarabu, ila si pale ilipotoka herufi. Herufi ni *harf*, yenye ile hee ya kooni. Harufu, wenye kamusi wanaipeleka kwenye *ʿarf*, neno linaloanza na ayn, herufi nyingine ya kooni, na maana yake kwa Kiarabu ni harufu, hasa ile ya kupendeza. Yanafanana masikioni mwetu tu, kwa kuwa ulimi wetu hauzitenganishi sauti hizo mbili.

Utaniuliza hiyo H imetoka wapi, maana ayn kwetu kwa kawaida humezwa: *ʿaql* imekuwa akili, *ʿilm* imekuwa elimu. Tizama neno harusi. Nalo kwa Kiarabu linaanza na ayn, na mpaka leo wapo wazee wanaosema "arusi" wakati vijana wote wanasema "harusi". H imejipachika mwanzoni, na kwenye harufu imejipachika vivyo hivyo.

Kinachonipendeza zaidi ni ukoo wa mzizi wenyewe. Ayn, ree, fee ndizo zilizozaa maarifa, taarifa na kuarifu. Kitu chenye harufu hujitambulisha kabla hujakiona. Na Waarabu wenyewe waliziona maana hizi mbili ziko karibu. Katika Surat Muhammad, aya ya 6, imeelezwa kwamba Mwenyezi Mungu atawaingiza waja wake Peponi, *ʿarrafahā lahum*. Wafasiri wengi wamesema: aliyowajuulisha. Wengine wakasema: aliyowatilia manukato. Tofauti yote imetoka kwenye neno moja.

Sisi tulipolichukua tukalisawazisha. Kwa Kiswahili harufu peke yake haina upande, mpaka uongeze nzuri au mbaya. Lakini sikiliza watu wanavyosema siku hizi: "chumba kile kina harufu." Hakuna anayedhani kwamba kimefukizwa udi. Ukiacha kulipambanua, neno lililokuwa la kusifu huko lilikotoka, kwetu linaanza kuelemea ubaya. Nitalirudia jambo hili kwenye swali la Livingstone.

Mwanangu wa darasa la pili ananiambia "mama leo unanuka vizuri". Mimi nafurahi, bibi yake anamkemea. Nani ana haki? (Mama wa Michenzani)

Bibi yake ana haki, na nakuomba dada yangu umsaidie kumfundisha, kwa upole tu. Mtoto amekusifu kwa moyo safi, ila amechukua kitenzi cha takataka. Kinachonuka ni jaa, ni soksi, ni samaki wa juzi. Mama ananukia.

Tofauti hii ni katika mambo mazuri kabisa ya lugha yetu, na mara nyingi tunaipita bila kuitizama. Kwa kawaida tukiongeza "-ia" au "-ea" tunaongeza mtu au mahali: pika, pikia, leta, letea. Kwenye nuka haifanyi kazi hiyo. Unaongeza irabu moja na uvundo unageuka manukato. Kitenzi kile kile, na katikati ya maana mbili zinazopingana pana herufi moja tu.

Wala tusidhani kwamba tumeubuni mtindo huu hapa visiwani. Malawi, kwa Kichewa, *kununkha* ni kunuka vibaya na *kununkhira* ni kunukia. Zimbabwe, kwa Kishona, wanasema *kunhuwa* kwa kibaya na *kunhuwirira* kwa kizuri, na viungo vya chakula wanaviita kwa jina lililotoka kwenye kitenzi hicho cha pili. Wataalamu wa lugha za Kibantu wameurudisha mzizi wa zamani kuwa *-nunk-*. Mchewa ameihifadhi ile "nk" ya kale. Sisi tumeilainisha ikabaki nuka. Si ndugu wote walioshika njia moja. Kwa Kizulu *ukunuka* hubeba harufu kwa jumla, na ndicho kitenzi kilichotumika kwa mganga "anayemnusa" mchawi. Wanyarwanda *kunuka* wameiachia ubaya, na uzuri wakaupa kitenzi kingine kabisa, *guhumura*.

Kutoka mzizi huo huo tuna nusa, ambayo asili yake ni "fanya kitu kinuke", yaani vuta hewa mpaka kitoe harufu yake. Tuna mnuko, ambao ni mbaya siku zote, na manukato, ambayo ni mazuri siku zote.

Na kunukia kuna kazi nyingine ambayo mtoto ataisikia mwezi wa Shaabani: "Ramadhani inanukia." Idi hunukia, mvua hunukia, uchaguzi hunukia. Hata vita hunukia, na hapo hakuna uzuri wowote. Kinachosemwa ni ukaribu. Jambo lipo jirani kiasi kwamba pua imelipata kabla ya jicho.

"Mavi ya kale hayanuki." Maana yake nini khasa, na ni adabu kuisema mbele za watu? (Kijana wa Mkoani)

Maana yake ni kwamba ugomvi au aibu ya zamani haina haja ya kufukuliwa. Ni methali ya zamani na haina tusi ndani yake, lakini neno lake la mwanzo linataka uangalie uko mbele ya nani. Mzee akiisema katika usuluhishi, inakaa. Wewe kijana usimtangulie.

Mimi nashughulika na samaki. Nikifika nyumbani wananiambia nina shombo. Shombo ni harufu ya samaki tu, au kuna zaidi? Na kwa nini Kiswahili hakina majina ya harufu kama tulivyo na majina ya rangi? (Msomaji wa Malindi, Unguja)

Ndugu yangu, umeuliza swali lililowashughulisha wataalamu wa dunia nzima, kwa hiyo niruhusu nikae nalo.

Kwa muda mrefu wanafalsafa wa Ulaya walishikilia kwamba binadamu hana uwezo wa kuzipa harufu majina. Rangi, ndiyo: nyekundu ni nyekundu, iwe ya damu au ya kanga. Harufu, walisema, lazima uitaje kwa kitu kinachoitoa: harufu ya waridi, harufu ya moshi. Mwaka 2014 watafiti Asifa Majid na Niclas Burenhult walichapisha utafiti kuhusu Wajahai, watu wa misitu ya Rasi ya Malay wanaoishi kwa kuwinda na kuchuma. Lugha yao ina vitenzi kama kumi na mbili vya harufu, na hakuna hata kimoja kilichofungwa kwenye kitu kimoja. Kimoja kinakusanya petroli, moshi na mavi ya popo. Kingine ni cha harufu ya damu inayomvuta chui milia, na kinatumika kwa damu ya kindi na kwa chawa aliyepondwa. Kingine ni cha maua, matunda yaliyowiva na manukato. Wajahai waliponusishwa harufu kwenye kadi walizitaja kwa wepesi ule ule waliotajia rangi, na walikubaliana wenyewe kwa wenyewe. Wamarekani waliponusishwa walibabaika. Mmoja alipopewa mdalasini alizunguka na maelezo marefu ya bazoka, na mdalasini hakuutaja.

Sasa rudi kwako na shombo lako. Je, shombo ni la samaki peke yake? Ingia jikoni. Anayepika keki hutia vanila "kukata shombo la mayai". Nyama mbichi iliyooshwa vibaya ina shombo. Sahani iliyoliwa yai ikaoshwa kwa maji matupu ina shombo. Samaki, yai, nyama na damu havifanani kwa sura, wala havitoki mahali pamoja, lakini Mswahili ameona kwamba vinashiriki harufu moja akaipa jina. Hilo ndilo jina la harufu khasa, kama walivyonayo Wajahai. Wahausa wa Nigeria wana *ƙarni* kwa kundi karibu hilo hilo, na Wamisri wana *zafar*. Kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba lugha yako haina.

Na si hilo tu. Wazee wengine wa pwani husema vumba kwa samaki. Tuna kikwapa, ambacho ni harufu na si kwapa lenyewe: mtu "anatoa kikwapa". Tuna uvundo, ambao si kila harufu mbaya. Uvundo ni wa kitu kilichovunda, kilichokaa kimefungiwa na unyevu kikageuka. Ndugu yake ni kuvundika ndizi, ile kazi ya kuzifunika zipate joto ziwive. Maji ya mtaro yakisimama yana uvundo. Mbuzi dume hana uvundo, ana beberu lake, yaani ile harufu yake kali. Ukisema vyote hivi ni "harufu mbaya" utaeleweka, lakini umetupa zana nzima na kubaki na nyundo.

Kuhusu kuliondoa: akina mama wanaoparura samaki hujisugua kwa ganda la ndimu, na wana sababu ya kweli. Sehemu kubwa ya shombo la samaki ni kemikali iitwayo trimethilamini, ambayo huruka hewani kwa urahisi ikaingia puani. Ukali wa ndimu unaigeuza kuwa aina ya chumvi isiyoruka, kisha maji yanaiosha. Tia ndimu kabla ya sabuni. Sabuni nyingi zina hali ya alkali, na alkali hairuhusu ukali wa ndimu kufanya kazi.

Kwa nini tunasema "nasikia harufu"? Pua inasikia? (Mwanafunzi wa skuli, Chake Chake)

Kusikia kwa Kiswahili hakukufungwa masikioni, mwanangu. Unasikia njaa, unasikia baridi, unasikia uchungu. Macho yana kitenzi chao peke yao. Hisia nyingi zilizobaki zinaweza kuingia chini ya kusikia.

Wala hatuko peke yetu. Mwitaliano hutumia *sentire* kwa sauti na kwa harufu. Mrusi naye "husikia" harufu. Mhausa husema *ji* kwa vyote. Ajabu zaidi ni Wachina: neno lao la kunusa, *wén*, limeandikwa kwa picha ya sikio ndani ya mlango. Zamani lilikuwa na maana ya kusikia, na leo, katika Kichina cha kawaida, likisimama peke yake ni kunusa. Lilihama kutoka sikioni likaenda puani na sikio lake likabaki kwenye maandishi.

Nauza udi na ubani Darajani. Mteja mmoja ameniambia kwamba maneno yetu yote ya manukato ni ya Waarabu, sisi wenyewe hatuna kitu. Ni kweli? (Mfanyabiashara)

Bidhaa zilikuja kwa jahazi na zilishuka na majina yao, hilo halina ubishi. Lakini tizama vitenzi.

Anza na udi. *ʿŪd* kwa Kiarabu ni kijiti, kipande cha ukuni. Ndiyo sababu jina moja linabeba vitu viwili, kile unachokitia kwenye makaa na kile kinachopigwa kwenye taarab. Vyote ni mti. Mti wa udi wa kufukiza huota Assam, Kambodia, Indonesia na nchi za jirani zao, na ukiwa mzima kuni zake hazina thamani kubwa. Kuvu ya aina fulani inapoingia, mti hujitetea kwa kutoa utomvu mweusi, na utomvu huo ndio unaolipiwa fedha. Wewe unaujua vizuri kwa mkono: kipande kizito, chenye mishipa myeusi, ndicho cha bei.

Ubani ni *lubān*, na mzizi wake ni ule wa *laban*, maziwa, kwa sababu ya weupe. Unatoka Somalia na Dhofar ya Oman. Kwetu L ya mwanzo imedondoka. Na L hiyo hiyo ilidondoka mahali pengine, ikaleta mambo makubwa. Waarabu walikuwa na *lubān jāwī*, "ubani wa Java", utomvu wa mti mwingine kutoka Sumatra. Ulipofika Ulaya kwa njia ya Bahari ya Kati, wasikilizaji walidhani "lu" ya mwanzo ni kiambishi cha kwao wakaikata, pakabaki *benjuí*, kisha *benzoin*. Kutokana na utomvu huo wanakemia walipata asidi. Mwaka 1833 Mjerumani Eilhard Mitscherlich akaichemsha asidi hiyo pamoja na chokaa, akapata kimiminika akakiita *Benzin*. Leo Mjerumani akienda kujaza gari mafuta anaomba *Benzin*. Neno lake na ubani wa Bi harusi wa Zanzibar ni ndugu wa tumbo moja.

Uturi ni *ʿiṭr*. Marashi na ule mrashi wenye shingo ndefu vinatoka kwenye *rashsh*, kunyunyiza, kama tunavyonyunyiziwa katika maulidi. Yote ya Kiarabu, sawa. Mlangilangi ni jina lililotoka Ufilipino, *ilang-ilang*.

Lakini moshi unafuka, nasi tukapata kufukiza, kwa Kibantu kitupu. Chetezo hakikuja na udi. Kikuba, lile fungu la asumini, mrehani na mlangilangi ambalo mwanamke hulifunga na kulichomeka kifuani, halina jina la mgeni. Na kazi yenyewe tazama inavyofanywa: makaa yaachwe mpaka yafunikwe na majivu membamba, maana juu ya moto mkali udi huungua na kutoa harufu ya kuni, juu ya majivu hufuka taratibu. Kanga zinatandazwa juu ya kikapu kilichopinduliwa, zinageuzwa upande wa pili, zinakunjwa zikiwa bado na joto ili moshi ulale ndani ya mikunjo. Utaalamu huo wote una maneno, na maneno yake ni yetu.

Tena Mzungu mwenyewe alianzia hapa hapa. Neno lake *perfume* limetokana na Kilatini, *per fumum*, "kwa njia ya moshi". Lilianza likiwa kufukiza, na baadaye ndipo likaingia kwenye chupa.

Usisahau pia maana nyingine ya ubani visiwani: fedha tunazompelekea aliyefiwa. Mwambie mteja wako kwamba neno lilikuja na utomvu, ila maana hii tumeiongeza sisi.

Katika utenzi wa zamani nimekuta "riha". Ni kosa la kuandika "raha"? (Msomaji wa Makunduchi)

Si kosa. Riha ni harufu nzuri, kutoka Kiarabu *rāʾiḥa*. Na umeotea vizuri kuyaweka pamoja, kwa sababu ni ndugu. Mzizi ree, waw, hee umezaa *rīḥ*, upepo, *rāʾiḥa*, harufu, *rūḥ*, ambayo kwetu ni roho, *rāḥa*, ambayo ni raha, na *rayḥān*, uliotupa mrehani. Upepo, pumzi, harufu na uhai viko kwenye nyumba moja. Kiebrania nacho kina *ruaḥ* kwa roho na upepo, na *reaḥ* kwa harufu. Basi ukiusikia mrehani uani jioni, kikundi chote hicho cha maneno kipo. Usiingize marahaba wala rehema. Hizo zina mizizi yao mingine.

Mimi ningependa sana riha irudi kwenye mazungumzo. Ni fupi, ni nzuri, na kamusi bado zimeihifadhi.

Ni kweli kwamba Dk. Livingstone aliuita mji wetu kwa jina la uvundo? (Wasomaji kadhaa, Mji Mkongwe na Mbweni)

Ni kweli. Aliandika katika shajara yake mapema mwaka 1866, alipokuwa hapa akijiandaa kwa safari yake ya mwisho, na shajara hiyo ikachapishwa mwaka 1874 baada ya kufa kwake. Alilalamikia ufuo ambako taka za mji zilikuwa zikitupwa, akasema mji ungefaa kuitwa *Stinkibar* badala ya Zanzibar. Nyumba aliyokaa bado ipo, nje kidogo ya Mji Mkongwe.

Simtuhumu kwa uongo. Taka kweli zilitupwa ufukweni, na jua na maji kupwa yalifanya kazi yake. Ninachosema ni kwamba pua yake ilikuwa imetoka nchi yenye shida hiyo hiyo. Miaka minane kabla, kiangazi cha 1858, mto Thames ulinuka London mpaka mapazia ya Bunge yakalowekwa dawa ya klorini ili wabunge waweze kukaa. Waingereza wenyewe waliuita Uvundo Mkuu, na ndio uliowasukuma kumpa mhandisi Joseph Bazalgette fedha za kujenga mifereji mikubwa ya maji machafu. London imekumbukwa kwa mifereji. Sisi tumebandikwa neno, na linarudiwa katika vitabu vya watalii mpaka leo bila kutajwa mwaka wala ufuo uliokusudiwa. Hili linaniuma. Jina la Zanzibar halina harufu yoyote ndani yake. Linatokana na Kiajemi, *zang* na *bār*, pwani ya watu weusi.

Lakini neno lenyewe *stink* lina habari inayotuhusu. Katika Kiingereza cha kale *stincan* ilikuwa kutoa harufu tu, nzuri au mbaya. Waridi nalo liliweza kutajwa kwa kitenzi hicho. Pole pole likazama, upande mzuri ukakauka, pakabaki uvundo. Kichina kimefanya vile vile: neno lao *chòu*, lililoandikwa kwa picha ya pua na mbwa, lilikuwa harufu yoyote, na leo ni kunuka vibaya tu. Maneno ya harufu yana tabia ya kuteremka hivi. Ndiyo maana nilisema pale mwanzo tuliangalie neno harufu. Sisi tuna bahati ya kuwa na nukia, iliyosimama imara upande wake, inatosha kuitumia.

Na kwa kuwa mji wetu umetajwa kwa ubaya, utajwe na mwingine kwa uzuri: Hong Kong maana yake ni Bandari Inayonukia.

Je, "karafuu" ina maana gani? (Msomaji wa Konde, Pemba)

Ni *qaranful* ya Kiarabu, inayohusishwa na *karyophyllon* ya Kigiriki. Mataifa mengine waliitizama sura yake wakaona msumari: Waingereza walichukua jina kutoka neno la Kilatini la msumari, Waajemi wanasema *mikhak*, kimsumari, na Wachina wanasema *dīngxiāng*, manukato ya msumari. Chukua moja iliyokauka uitizame, kichwa na mguu, utaona walichokiona. Harufu yenyewe inatokana hasa na kemikali iitwayo eujenoli, ambayo inapatikana pia kwenye mafuta ya makonyo na, kwa kiasi, katika baadhi ya mirehani. Pua ya anayesema mrehani fulani "unanukia kikarafuu" haimdanganyi.

Kikundi chetu cha akina mama Paje tunatengeneza sabuni ya mwani na karafuu. Kwenye pakiti tuandike "pafyumu ya karafuu", "marashi ya karafuu" au "harufu ya karafuu"?

Hongereni, dada zangu. "Pafyumu" iacheni, mnunuzi wa hapa ataihesabu chupa ya dukani. "Marashi" ni ya maji ya kunyunyiza, na sabuni hainyunyizwi. "Harufu ya karafuu" ni sahihi, lakini imepooza, na nimeeleza wasiwasi wangu nayo. "Manukato ya karafuu" itafaa ikiwa mmetia mafuta yaliyonunuliwa kando. Kama karafuu imesagwa na kuchanganywa humo humo, neno lenu ni kitenzi: "Sabuni ya mwani, inanukia karafuu." Hakuna haja ya kuongeza "vizuri" baada yake, maana imo ndani. Chini yake, kwa herufi ndogo, andikeni karafuu imetoka Pemba, ikiwa kweli imetoka huko.